Mume Wangu Alinichomea Utambi kwa Miche Minne ya Sabuni

"Hamjamaliza. Tazameni nyuma ya pipa la mbege."

Aliyesema hivyo ni mume wangu.

Alikuwa anawaambia mgambo. Na nyuma ya pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiko nilikoficha sabuni yangu ya magendo...

Walishapekua nyumba nzima. Kitanda walikipindua, debe la mahindi wakalimwaga sakafuni, hawakuona kitu. Mmoja alishashika fimbo yake anatoka. Yaani tulikuwa tumepona kabisa!

Mume wangu, Baba Flavia, akanyoosha kidole kuelekea jikoni.

Wakaenda, wakarudi na miche minne ya sabuni, imefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Yule mgambo mdogo alimwangalia mume wangu, nadhani hata yeye aliona aibu.

"Balozi, hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

Sikulia, jamani. Najua hapa mitandaoni mtu akisimulia kisa kama hiki lazima aseme moyo ulipasuka vipande vipande. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nawaza ndizi ziko motoni, sasa nani ataziepua.

Ngojeni niwaambie mimi ni nani. Naitwa Leonia, Mchagga wa Kirua Vunjo, ni bibi wa watu sasa. Simu ni ya mjukuu wangu Salvina. Mimi natamka, yeye anaandika. Akichomekea emoji zake humu, mjue sio zangu.

Huo ulikuwa mwaka 1983.

Nyie mliozaliwa mkakuta sabuni ya maji bafuni hamtanielewa haraka. Sabuni haikuwa bei juu. Haikuwepo. Duka la kijiji lilikuwa na mizani, kaunta na mwuzaji anayesinzia, basi. Mpaka na Kenya ulishafungwa miaka mingi. Na mwaka ule serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba. Ukikutwa na kitu cha magendo, umekwenda na maji.

Tulikuwa tunafulia maji ya jivu. Nguo za kijiji kizima ziligeuka rangi moja, kanisani ungedhani tumeshonewa sare.

Mume wangu aliitwa Athanas, balozi wa nyumba kumi. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kabla hamjaanza kumporomoshea matusi kwenye komenti. Hakunipiga, hakulewa, na pesa ya kahawa aliileta nyumbani yote.

Ila alikuwa na msimamo wake: cha magendo hakiingii kwangu.

Na alikuwa na sababu. Mdogo wake, Leonce, alikwenda vita vya Kagera, kikarudi cheti tu. Tangu siku hiyo Athanas alisema kila anayevusha kitu kwa njia za panya anamuuza Leonce. Padre aliongea naye, wapi. Mama yake akaongea naye, wapi. Huyo ni mtu ambaye akishasema leo ni jua, mvua ikinyesha atatoka nje aloane.

Sasa mtoto wetu Flavia akapata upele.

Sio upele wa kujikuna ukaisha. Vidole vilivimba, mapajani kukawa na vidonda, usiku analia, mchana analia. Zahanati wakatuambia dawa ya kupaka imekwisha, muogesheni kwa sabuni kila siku angalau visichafuke zaidi. Nikamwambia mume wangu. Akamshika mtoto, akamwangalia zile ngozi zinavyobanduka, macho yakamjaa machozi. Nawaapia yalimjaa.

Halafu akasema, "Ataoga jivu. Sisi sote tulioga jivu."

Na mimi nilikuwa na msimamo wangu. Mtoto kwanza, mengine yote baadaye. Hadi leo sijabadilika.

Nikaenda kwa mama mkwe, Kornelia, mama yake mzazi huyo huyo Athanas, aliyekuwa anaishi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, ng'ambo tu ya migomba. Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha kichwani na mkungu wa ndizi. Tukashuka naye hadi Himo, tukakata vichakani kama watu wanaokwenda msibani, tukatokea Taveta, upande wa Kenya. Ndizi tukaziacha huko, sabuni tukarudi nayo. Nusu akaweka kwake, nusu nikaweka kwangu.

Asubuhi ile ya msako mume wangu alikwenda jikoni kutafuta kibuyu. Akaiona sabuni. Hakuniambia neno. Akala, akavaa shati lake jeupe la mikutano, akatoka kuwatembeza mgambo nyumba zote kumi. Walipofika kwetu walitaka kupita, si nyumba ya balozi?

Akawaambia, "Na kwangu pekueni."

Mengine mnayajua.

Kule mahabusu Himo sitawasimulia sana. Sakafu ni sakafu. Wenzangu walikuwa wanalia na kusali, mimi nilikaa tu naangalia ukuta. Kornelia alikuwa anakuja na mtori kwenye chombo, anasema mtoto mzima, anaondoka. Mume wangu hakuja.

Mwishowe mkubwa wa pale akasema miche minne ni ya matumizi ya nyumbani, akanikemea, akaniachia. Sabuni ilibaki. Sijui ilimwogesha nani.

Nikapanda kilima kwa miguu. Kufika kwenye lango la kihamba, namkuta Athanas amesimama, ameshika jani la isale limefungwa fundo.

Wachagga wenzangu mnajua. Ambao sio Wachagga, nisikieni: mtu akikuletea isale, anaomba msamaha, na lazima upokee. Hata kama alikuua nusu. Ukilikataa, mkosaji unakuwa wewe.

"Mama Flavia, naomba unisamehe."

"Kwa kunichomea?"

"Hapana. Kwa baridi uliyolalia. Kukusema, ningekusema tena."

Nikalipokea lile jani. Mkono ulipokea, mimi mwenyewe nilikuwa mbali. Salvina ananiuliza hapa, bibi hukumrushia usoni? Mjukuu wangu, isale halirushwi.

Mara Flavia akaja anakimbia. Mikono yake laini! Vidonda vimefunga, ngozi mpya imeota!

Baba yake akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu Leonce afe. "Umeona? Jivu hilo. Nilikwambia."

Nikamwangalia mama mkwe nyuma yake. Kornelia aliangalia migomba.

Nikaelewa ile nusu yake ilikokwenda. Na nikanyamaza, maana ningesema, huyu bwana angemnyooshea kidole hata mama yake mzazi. Nilimjua.

Ningenyamaza hadi kaburini, wadau. Yeye ndiye hakunyamaza.

Jumapili moja baada ya misa kulikuwa na mkutano uwanja wa shule. Athanas akasimama mbele na shati lake. Jeupe pee! Uwanja mzima tumevaa kijivu, yeye anameremeta peke yake. Akaongea habari za magendo, akamtaja Leonce, watu wakainamisha vichwa. Hapo sawa.

Kisha akamnyanyua Flavia, akamkunja mikono ya gauni.

"Mnasema bila vitu vya magendo watoto watakwisha. Huyu hapa wangu. Amepona kwa jivu tupu."

Pembeni yangu alikaa jirani yangu Dominika, amempakata mtoto wake mchanga. Shingo ya yule mtoto ilikuwa nyama tupu. Dominika akaniinamia, akaninong'oneza: hilo jivu nililichuja, au nilimpaka hivyo hivyo likiwa kavu?

Alikuwa anakwenda kupaka jivu kwenye kidonda kibichi. Leo leo. Kwa sababu mume wangu amesema.

Hapo mzee Filemon akanyoosha mkono, mzee mmoja mtaratibu sana. Akauliza kama balozi hatojali, lile shati nalo linafuliwa na nini, maana mkewe yeye na jivu lake wameshindwa.

"Jivu," akasema Athanas. Hakusita, kwa sababu aliamini. "Mke wangu huyo hapo. Mama Flavia, simama uwaambie."

Nikasimama.

Sikuwa na hasira. Mngependa niseme nilikuwa na hasira, ingenoga, lakini sikuwa nayo. Nilinyoosha kidole, kama yeye alivyonyoosha siku ile, nikamwonyesha kifuani.

"Mtoto ameoga sabuni ya Taveta. Na shati hilo pia. Sijakufulia na jivu tangu niliposhuka Taveta. Nilitaka upendeze mbele za watu."

Kwanza mtu mmoja nyuma akacheka. Wakacheka wawili. Wakacheka wote, watu wanashikana mabega, wengine wanafuta machozi.

Athanas hakukana. Aliinua mkono wa shati, akaunusa. Akaunusa tena. Akamweka mtoto chini taratibu, akamwambia katibu wa mkutano aendelee, akaondoka uwanjani kushika njia ya Himo.

Nilijua nimeachika. Filemon alikuwa na wasiwasi zaidi, akawatuma vijana wamfuate, asije akajitupa mahali.

Vijana walirudi wameshika mbavu.

Mume wangu alikwenda kujishtaki!

Yule yule mgambo mdogo ndiye aliyekuwa zamu. Athanas akamwambia andika, nimekutwa na mali ya magendo. Mgambo akauliza iko wapi. Akasema, hii niliyovaa. Wakamwambia mzee, hakuna kosa la kuvaa shati safi, nenda nyumbani. Akakataa kuondoka.

"Mke wangu mlimlaza hapa," akawaambia. "Sasa ni zamu yangu."

Alikaa kwenye benchi lao hadi wakachoka naye, wakamtoa nje kwa nguvu kwa kosa la kuwajazia nafasi.

Vijana walikuwa wanacheka wanavyosimulia. Mimi nilienda kwenye mpaka wa kihamba, nikakata isale, nikalifunga fundo.

Alipofika langoni jua limeshashuka. Vumbi hadi magotini.

"Baba Flavia, naomba unisamehe."

Akaliangalia lile jani. "Kwa kunisema?"

"Hapana. Kwa kuchekwa. Kukusema, ningekusema tena."

Akalipokea. Nilimwangalia usoni nione kama ni hasira au nini, sikuona kitu. Nadhani na yeye alikuwa mbali, kule nilikokuwa mimi.

"Ndizi zimeiva?" akauliza.

Nikasema zimeiva. Tukaingia ndani tukala.

Ubalozi aliuacha wiki hiyo hiyo, hakuna aliyemfukuza. Flavia aliendelea kuogeshwa kwa bibi yake, na ikifika saa ya kuoga baba yake anakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajapewa majani. Dominika nilimpelekea kipande. Mwanawe ni mwalimu sasa, ana shingo nzuri tu.

Mwisho wa mwaka ule mpaka ukafunguliwa. Sabuni ile ile iliyonilaza sakafuni ikapangwa Himo barabarani, peupe, unachagua. Nikanunua, nikampelekea. Nikamwambia haya, sasa ni halali.

Akasema, "Kwako."

Lile shati hakunipa tena. Alilifua mwenyewe mferejini, mwanamume mzima, na maji ya jivu, wapita njia wanamcheka na yeye hageuki. Likawa kijivu kama la Filemon. Miaka na miaka kamba yetu ilikuwa hivyo, nguo nyeupe zangu na za watoto, na kijivu moja katikati.

Salvina anasema lazima niweke funzo, msije mkasema bibi amewapotezea bando.

Basi funzo ni hili. Ukiolewa na mtu mwenye msimamo, usikae unangoja atabadilika, na yeye asikungoje wewe. Nilingoja. Alingoja. Tulizeeka. Ila mtu anayekunyooshea kidole wewe, halafu ikifika zamu yake akajinyooshea na yeye mwenyewe, huyo unaweza kuishi naye. Asiyejinyooshea, mkimbie mapema.

Athanas alifariki mwaka juzi. Watoto walileta suti kutoka Dar, nzuri, ya bei. Nikakataa. Nikasema atazikwa na shati lake.

Nikalitoa sandukuni, lina vumbi. Nyumbani kulikuwa na sabuni za kila aina, za mche, za unga, za maji. Nikazipita. Nikaenda jikoni nikachota jivu, nikalichuja kwa kitambaa kama mama yangu alivyonifundisha, nikashuka nalo mferejini na magoti yangu haya mabovu.

Kule mferejini ndipo nililia. Nililia kwa ile siku ya pipa la mbege na kwa zote zilizofuata.

Flavia akaja akanikuta. Akaniuliza, "Mama, na wewe umekubali mwishowe?"

Nikamwambia sijakubali kitu. Msimamo wangu ni ule ule.

Ila shati lilikuwa lake.