Matembezi ya Bibi Sáu Mjini Saigon

Kwach, kwach, kwach. Mkasi wa Mama ulikuwa ukikata mashina ya maua jikoni, na nje bado giza. Quyên aliusikia akiwa kitandani. Mama aliweka maua na matunda juu ya meza ya wahenga, akawasha ubani, kisha akatoka taratibu kwenda sokoni, alikokuwa akiuza vitambaa. Siku nyingine Quyên angejifunika tena na kulala. Leo hakuweza. Leo ndiyo siku aliyoingojea tangu shule zilipofungwa.

Katika chumba cha pili alikuwa amelala mgeni wao, Bibi Sáu, dada mkubwa wa marehemu nyanya yake Quyên. Ndiye aliyemlea Mama kule Sa Đéc, mji mdogo wa kusini mwa Vietnam, baada ya Mama kuwa yatima. Bibi Sáu alikuwa mkulima wa maua, na maua hayajui Jumapili wala sikukuu. Maisha yake yote hakuwahi kupata likizo. Mara nyingi Mama alimwalika Saigon, na kila mara alijibu kwamba hana wa kumwagilia bustani. Mwaka huu jirani yake alijitolea, naye akakubali kuja kwa siku tatu, atembezwe mji na kula vizuri kama mtalii.

Mama hakuweza kufunga duka. Kwa hiyo kazi ya kupanga matembezi alimpa Quyên, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuogopa kazi. Dada yake Hạnh, aliyekuwa kidato cha nne, angewasindikiza. Quyên aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Aliwauliza majirani supu gani ni tamu na mtaa gani una kivuli. Alijifunza basi lipi linapita wapi. Kila alipofungua mdomo, alizungumzia safari, hata Hạnh akamwita Waziri wa Utalii.

"Mheshimiwa Waziri," Hạnh alikuwa akimwambia, "tupishe bafuni, wananchi tunataka kupiga mswaki."

Jambo moja tu Quyên hakulifanya. Jioni ya kuamkia siku hiyo, Mama akikunja nguo, alimuuliza kama ameshazungumza na Bibi Sáu kujua anapenda kuona nini, na anakula nini na hali nini. Quyên hakuwa amemuuliza. Alitaka kila kitu kiwe cha kumshangaza. Tena aliona haya kukiri kwamba mpango wake una tundu.

"Nimemuuliza, Mama," akasema.

"Basi sina wasiwasi," Mama akajibu, akaendelea kukunja nguo.

Uongo huo Quyên aliuona mdogo kama punje ya ufuta. Hata usingizi haukumnyima.

Asubuhi walitoka watatu. Bibi Sáu alivaa suti yake ya zambarau iliyopigwa pasi, na nywele zake nyeupe amezifunga nyuma vizuri. Ndani ya basi alishika mkono wa Quyên na kusema mji umependeza. Quyên alijiona mrefu.

Kituo cha kwanza kilikuwa tambi za mchele katika supu ya nyama ya ng'ombe, pale ambapo watu hupanga foleni hata barabarani. Mabakuli yalipoletwa, Bibi Sáu alisogeza lake katikati ya meza. Alisema wazee hawaamki na njaa, yeye chai inamtosha. Akawachambulia wajukuu majani ya kutia kwenye supu, akaipuliza supu ya Quyên ipoe, na jua lilipozunguka alihamisha kiti chake akaketi upande wa jua ili kivuli chake kiwaangukie wao.

Wakaenda kuiona posta ya zamani yenye dari kama ya kanisa. Wakatembea mpaka mtoni kutazama boti. Bibi Sáu alisifu yote, ingawa alikuwa akisimama mara kwa mara kusugua goti. Kisha Quyên akawapeleka kwenye wali wa chenga na nyama ya kuchoma, chakula alichoamini hakuna mzee wa kusini anayeweza kukikataa. Bibi Sáu alikula matango. Akala na vijiko viwili vya wali, vya upande ule ambao nyama haikuugusa. Akasema wali ni mweupe, mzuri.

Quyên aliumia. Alimwona Bibi kama mtu asiyejali jasho lake. Hạnh akamwinamia sikioni.

"Waziri, mgeni wako anafunga, au chakula chako ndicho kimemkimbiza?"

"Nyamaza, Dada. Ngoja aone supu ya kaa. Kwa supu ya kaa hatajizuia."

Supu ya kaa iliuzwa kwenye kona ya soko dogo na mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye aproni ya maua. Walipofika, muuzaji huyo alikuwa ameketi nyuma ya sufuria yake akila mkate uliojazwa tofu ya soya na uyoga. Hạnh akamtafutia Bibi kiti. Quyên alikwenda kuagiza, na uchungu wa asubuhi nzima ukamtoka kwa mzaha.

"Shangazi, hata wewe huitaki supu yako?"

Yule mama akacheka mpaka akafunika mdomo. "Supu yangu naitaka, mwanangu, ila leo mdomo wangu una likizo. Leo si mwezi mpevu? Mimi nauza tu, sionji. Hata chumvi nimemwachia binti yangu aonje." Akamtazama Bibi Sáu pale kwenye kiti. "Na bibi yako yule, kwa umri ule, leo hagusi nyama wala samaki, naapa. Umemleta kwangu afanye nini, anuse mvuke?"

Quyên alihisi masikio yanawaka. Mwezi mpevu! Kumbe ndiyo maana Mama aliweka maua na matunda mapya kwenye meza ya wahenga. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi wa kuandama, wazee wengi hula mboga tupu kwa ajili ya ibada. Yeye alihesabu siku kwa kalenda ya shule peke yake. Kama angemuuliza Bibi swali moja tu, angeambiwa. Badala yake alimburuta mama wa watu kutoka nyama hadi nyama, juani, na njaa tumboni.

Alimvuta Hạnh pembeni akamweleza. Hạnh naye akajipiga paji la uso, kwa sababu naye alisahau. Kisha akaja na shauri.

"Sikiliza, hili ni rahisi. Mwambie Bibi kwamba ulikuwa umepanga hivyohivyo. Sema mahali pa kula mboga ndipo tunakoelekea sasa, ulikuwa unamfichia. Ataamini. Na Mama hatajua kitu."

Shauri lilikuwa tamu. Bibi Sáu angeamini kweli, maana alikuwa mtu wa kuamini. Quyên alimtazama pale alipoketi, akijipepea kwa kofia yake, amenyoosha goti linalomuuma, na bado anamtabasamia mtoto wa meza ya jirani. Akaona kwamba ile punje ya ufuta imeota. Akiinyunyizia maji mara ya pili, itakuwa mti.

Akaenda mbele ya Bibi. Akakunja mikono kifuani, kama watoto wanavyofundishwa kuomba radhi.

"Bibi, nisamehe. Leo ni mwezi mpevu na mimi sikujua, kwa sababu sikukuuliza. Mama alinitaka nikuulize. Nikamwambia nimekuuliza. Nilimdanganya."

 Bibi Sáu alimshika Quyên viganja, akaikunjua ile mikono.

"Tangu supu ya kwanza nilijua hukujua," alisema. "Nilinyamaza nisikuvunje moyo, ulikuwa unafurahi mno. Nami kama ningesema mapema, tungekwisha kula wote. Haya, mjukuu wangu, yamekwisha. Ila tumbo langu linanguruma kama trekta."

Muuzaji wa supu alikuwa akisikia yote. Alikata mkate wake sehemu ambayo hakuwa ameigusa, akaufunga kwa karatasi, akamletea Bibi Sáu kwa mikono miwili. Bibi aliula wote, na chembe zilizoangukia suti yake akaziokota. Hapo ndipo wajukuu walipoona ni njaa kiasi gani aliyokuwa akiificha. Hạnh aligeuza uso. Hakumwita mtu Waziri tena siku hiyo.

Yule mama aliwaelekeza uchochoro ulio nyuma ya pagoda, hekalu la Wabudha, ambako siku za mwezi mpevu wapishi wa mboga hujipanga ukuta mzima. Akakataa kulipwa mkate. Kabla hawajaondoka, Quyên aliuliza lile swali alilopaswa kuliuliza kwanza.

"Bibi, wewe mwenyewe unapenda kuona nini?"

Bibi Sáu aliona haya kidogo, kama msichana. Akasema angependa kuchoma ubani pagodani, kwa kuwa ni siku ya mwezi mpevu. Halafu, kama si usumbufu, angependa kuipanda ile treni mpya inayopita chini ya ardhi, kwa sababu majirani wa Sa Đéc walimwagiza akaone kama ni kweli.

Hivyo ndivyo walivyofanya. Kwenye uchochoro alikula tambi za uyoga bakuli zima, akaongeza maandazi ya maharage. Pagodani alipumzisha goti kwenye benchi kivulini, wala hakuna aliyemharakisha. Quyên hakuacha ujuzi wake ulale. Ndiye aliyejua basi la kuwafikisha kwenye treni na mlango wenye ngazi zinazojiendesha. Ndani ya treni Bibi Sáu alimuuliza kila baada ya muda kama bado wako chini. Treni ilipochomoka juani juu ya mapaa ya nyumba, alicheka kwa sauti, na abiria wakacheka naye.

Jioni Mama aliporudi, Quyên hakungoja kuulizwa. Alimweleza mwanzo hadi mwisho. Mama akamketisha karibu naye.

"Kazi yako ulijua kuifanya, na bidii nimeiona," akasema. "Lakini ukimpangia mtu furaha, anza na masikio, miguu ifuate. Kusema 'sijauliza' ni aibu ya muda mfupi. Kusema 'nimeuliza' kumemshindisha njaa mama aliyenilea. Usiseme uongo ni mdogo, mwanangu, mpaka ujue nani atakayeubeba. Umeukiri mwenyewe, nami nitakuamini tena. Kesho mpango ni wako."

Kesho yake na kesho kutwa mpango ulikuwa wa Quyên kweli, ila aliupanga kitandani kwa Bibi Sáu, wamelala bega kwa bega wakibishana. Walikwenda mahali pachache na kukaa sana. Supu ya kaa waliirudia, safari hii Bibi akala mabakuli mawili, na mwenye supu akajisifu soko zima likasikia.

Siku ya kuondoka wote walimsindikiza Bibi Sáu kituoni, Mama akiwa amefunga duka kwa asubuhi moja. Bibi alipanda basi, akakaa dirishani, akafungua kioo na kumwita Quyên asogee.

"Mara ya mwisho ulipokuja kwangu ulikuwa unabebwa," akasema. "Shule zikifungwa tena, njoo, mjukuu wangu. Mwambie Mama akulete, na kama Mama ana kazi, njoo na Hạnh. Nami nitakuuliza unakula nini. Njoo, sawa?"