Malalo ya Paa

Kila Jumapili asubuhi Warda na mama yake, Latifa, hupanda metro, treni ya chini ya ardhi, pale kituo cha Porte de Namur, kisha tramu, hadi ukingoni mwa msitu wa Soignes. Latifa ni mlezi wa wazee, na mzee anayemtunza huko ni Papa Willem, aliyefundisha Bujumbura miaka mingi. Kiswahili chake mpaka leo kina lafudhi ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa kule!

Zamani Papa Willem aliwinda katika misitu ya Ardenne. Hapa Soignes kuwinda ni marufuku, na bunduki aliiacha siku nyingi. Anachopenda ni kuwatazama paa tu. Jumapili moja hamu ilimzidi, maana kesho yake angelazwa hospitali kupasuliwa goti.

"Goti hili lina nguvu ya kilima kimoja tu leo," alisema akiketi kwenye benchi msituni, chini ya kilima. "Warda, panda mpaka kwenye yale malalo tuliyoyaona Jumapili iliyopita. Weka kiganja. Kukiwa na joto, paa hayuko mbali."

"Na ufunge koti!" Latifa akaongeza.

Warda aliyapata malalo kati ya magugu: kishimo kilichoparurwa majani, upana wake wa kumtosha mbuzi. Kilikuwa cheupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba ya asubuhi. Aliweka kiganja. Baridi tupu! Akamfikiria mzee wa watu anayesubiri kule chini. Maskini, ataendaje hospitali na huzuni?

Aliporudi, aliropoka, "Kuna joto, Papa!"

Uso wa mzee ukachangamka. Alishika fimbo, akaanza kupanda. Hatua chache tu, akauma meno, na jasho likamtoka katika baridi ile. Warda akashindwa kuvumilia.

"Papa, simama! Nimekudanganya. Malalo ni ya baridi, yamejaa sakitu. Nilikuonea huruma."

"Warda!" mama yake akamaka. "Huruma gani hiyo ya kumuumiza mtu goti?"

Papa Willem alipiga fimbo chini. Alikasirika, na hakuficha. Kisha akauliza polepole, "Sakitu ilikuwa mpaka ndani, au pembeni tu?"

"Mpaka ndani, Papa."

"Bon. Basi hawakulala pale usiku. Paa hupenda kulala upepo ukimpiga mgongoni: nyuma analindwa na pua, mbele na macho. Jana upepo uligeuka. Watakuwa huku chini, karibu na ule mti ulioanguka."

Wakaenda taratibu, upepo ukiwapiga usoni. Walijibanza nyuma ya gogo, wakachungulia. Loo! Paa watatu walikuwa wamelala kwenye majani makavu, wakicheua bila wasiwasi. Mmoja alitikisa sikio. Papa Willem alitazama mpaka machozi yakamlengalenga, na Warda alifurahi kupita kiasi.

Njiani mzee akamwambia, "Mwanangu, ungesema 'baridi' tangu mwanzo, ningejua mapema pa kuwatafuta. Hata habari mbaya ina kazi yake, mradi iwe ya kweli. Usimfiche mtu ukweli kwa sababu unampenda."

"Nisamehe, Papa. Sitarudia." Warda akamtazama anavyochechemea. "Goti linauma?"

Mzee alifungua kinywa kusema hapana, akajikuta anacheka.

"Linauma sana," alisema. "Nipe bega."