Kiu ya Vaega

Fuatino alikuwa amemkata mumewe kucha mpaka zikakaribia nyama, na bado asubuhi ile mgongo wa Peniamina ulikuwa umechanwa mistari mirefu inayovuja damu. Masista wa mashine ya kusafisha damu kule mjini Apia walishamwambia kwamba wagonjwa wa figo huwashwa, misuli huwabana, miguu haitulii kitandani, na kiu haiwaachi kwa sababu maji yao yana kipimo. Hawakumwambia kwamba mikwaruzo itanuka tope.

"Jana mchana ulilala wapi?"

"Kwa kaka. Vigae vyake vina ubaridi."

Kaka ni Vaega, aliyezikwa mbele ya nyumba kama wafu wote wa ukoo, chini ya saruji yenye vigae ambayo watoto huikalia na nguo huanikwa. Naye aliugua figo. Mwishoni aliomba maji, na Peniamina, kwa kumpenda, akamnyang'anya kikombe mkononi. Alikufa midomo imepasuka.

Jioni Fuatino alimkuta mumewe kwenye tangi la maji, ameuweka mdomo bombani, anagugumia. Alipomgusa bega, Peniamina aligeuka na kumbamiza kichwa kwenye tangi, akamkaba kwa mkono ule unaochomwa sindano za mashine, na mshipa wake ulionenepa ukawa unavuma juu ya koo la Fuatino huku maji yenye udongo yakimchuruzika kidevuni na sauti ya mtu mwingine ikimtoka taratibu: "Uliniangalia nikifa na kiu, shemeji. Sasa niangalie nikinywa."

Siku ya mashine Peniamina alizing'oa sindano. Damu iliruka hadi kwenye pazia, na sista mmoja aling'atwa mkono hadi mfupani.

"Mama, akirudia hatutamuunganisha tena," sista mkuu alimnong'oneza Fuatino. "Na asipounganishwa, hatamaliza wiki."

Ndipo akaitwa Bibi Telesia, mganga wa majani. Walimshika Peniamina miguu na mikono, bibi akamkanda kwa mafuta ya nazi huku akitukanwa matusi ya nguoni.

"Mjukuu wangu Vaega, unataka nini kwa mdogo wako?"

"Maji," ilijibu sauti ile kinywani mwa Peniamina. "Aliyoninyima."

"Utaletewa hapo hapo ulipolala. Huyu muache."

Fuatino mwenyewe alishika nyundo. Aliivunja saruji ya kaburi mpaka udongo ukaonekana, akamwaga ndoo, na udongo ukameza kwa sauti ya koo. Akamwaga nyingine, na nyingine. Peniamina alilala fofofo bila kujikuna, na Fuatino akalia kwa furaha.

"Hata alipokuwa hai alikuwa anamaliza chai ya watu," Peniamina alitania alipoamka. Walicheka wote. Kuanzia hapo ndoo ilipelekwa kaburini kila asubuhi.

Siku ya mashine iliyofuata, Peniamina alipopandishwa kwenye mizani, sista alitazama namba ya uzito, akamtazama yeye.

"Baba, umekunywa tangi zima?"

"Hata tone, sista. Muulize mke wangu."

Kweli hakuwa amekunywa. Lakini miguu ilikuwa imevimba ikang'aa, na kifua kilikoroma kama chungu jikoni. Fuatino aliikumbuka kila ndoo aliyoimwaga kwa mkono wake.

"Usiogope, maji tutayatoa yote," sista alisema, na mashine ikaanza kuvuta.

Iliyatoa. Pumzi ilianza kumrudia Peniamina, akamshika mkewe mkono. Kisha Fuatino akatazama dirishani, upande wa kijijini kwao, akaona mlima umeshafutika kwa mvua, mvua nzito ya msimu isiyojua kukatika, inayoshuka juu ya kaburi alilolipasua mwenyewe na kuliacha wazi, na kabla hajamwita sista, vidole vya mumewe vilikuwa vimeanza kuvimba ndani ya kiganja chake na maji ya udongo yalikuwa yanamtoka puani.

"Fuatino," alinong'ona, akitapatapa, "nani anamwaga?"