Awuor Hadanganyi

Majirani zangu wa Kabiria, jambo hili mlilisikia nusu nusu, na wengine wenu mkalitia chumvi. Leo lisikieni kwangu, maana mume aliyekaribia kunyongwa ni wangu.

Mwaka wa 2004 tulikuwa tukiishi kwa amani. Kila Jumapili Awuor, binti ya jirani yangu Peres, alikuja kwangu tuchague sukuma wiki tukicheka. Alikuwa na miaka ishirini, mpole sana, lakini msahaulifu wa ajabu. Ukimtuma chumvi, analeta kiberiti, na anaapa kwamba ndicho ulichomwagiza. Shuleni alichapwa kwa kukaa kimya akiulizwa swali, basi Peres akamfunza, "Mkubwa akikuuliza, jibu!" Akajifunza kujibu. Hakuna aliyemfunza kusema sijui.

Mume wangu Kivuva alikuwa soja getini kwa Bi Vidya, kule mtaa wa Jamhuri, na ndiye aliyemtafutia Awuor kazi ya nyumba pale. Siku moja adhuhuri, Kivuva akiwa ametumwa dukani, wezi wawili waliofunika nyuso waliingia. Walimfunga Awuor jikoni kwa kamba ya kuanikia nguo, wakampiga Bi Vidya kwa rungu, wakatoroka na dhahabu yake. Polisi wakamuuliza Awuor:

"Soja wenu ndio aliwafungulia geti, sivyo?"

"Ndio, afande."

Kesho yake wakamuuliza kama Kivuva alikuwa na panga. Ndio. Wiki iliyofuata panga likawa na mpini mwekundu, na Kivuva akawa ndiye aliyemfunga kamba. "Aliniambia nisipige nduru," Awuor alisema, akilia machozi ya kweli. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwongo unaweza kumsuta. Huyu alikuwa akiyaona aliyokuwa akiyasema.

Kivuva akatiwa ndani, na hukumu ya wizi wa mabavu ilikuwa kitanzi. Usingizi uliniruka.

Nikapanda ngazi za jengo moja River Road, juu ya duka la kuchapisha kadi za harusi, hadi kwa wakili kijana aitwaye Urvashi. Alisoma maelezo yote matatu ya Awuor, akaniuliza alikuwa mtoto wa namna gani. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Mama yake alikuwa anakunywa pombe akiwa na mimba yake?"

Jibu nilikuwa nalo.

Enzi hizo nilikuwa nikiosha glasi katika baa moja Kawangware. Peres alipata kizunguzungu cha mimba, nikamwambia bia nyeusi inaongeza damu. Nilimletea kwa mikono yangu hii, chupa mbili kila jioni, mpaka alipojifungua. Sikuwa na nia mbaya. Tuliamini hivyo, hata nyinyi mnaonitolea macho sasa.

Nilimwendea Peres asubuhi ya kesi, nikamweleza yote aliyonieleza wakili. Siku hizo alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani.

"Mama Mutheu," akaniambia, "unataka nisimame mbele ya watu niseme mimi ndiye niliharibu mtoto wangu?"

"Tutasema sisi wawili."

Akanifungia mlango.

Mahakamani Urvashi alimsogelea Awuor kwa upole. "Wezi walipotoka, walimbeba yule mbwa mweupe wa Bi Vidya. Unakumbuka?"

"Ndio," Awuor akasema mara moja. "Alikuwa analia. Kivuva akamshika mdomo."

Bi Vidya akainuka. "Mbwa gani? Sisi hatujawahi kufuga mbwa!"

Hakimu akavua miwani, akamwonya Awuor kwamba anayedanganya chini ya kiapo hufungwa. Askari akasogea karibu naye. Awuor akageuka, macho yakitafuta watu waliokaa nyuma.

"Mama, nimejibu vibaya?"

Peres alikuwa amekuja. Alisimama huku ameshikilia benchi. "Mheshimiwa, mtoto wangu hadanganyi. Akisahau, akili yake inajaza pale palipo wazi. Nilikunywa nikiwa na mimba yake. Ni mimi."

Nami nikasimama. "Na mimi ndiye niliyemletea."

Hakimu aliagiza Awuor apimwe. Daktari alieleza kwamba pombe iliugusa ubongo wake tumboni, na kwamba neno la mtu mwingine huweza kugeuka kumbukumbu yake. Baada ya miezi saba rumande, Kivuva aliachiliwa. Wezi wenyewe hawajapatikana mpaka leo.

Awuor bado huja Jumapili. Lakini Kivuva akiingia, yeye huinuka na kurudi nyuma hadi ukutani, viganja vimeshikana kana kwamba vimefungwa. Tumemweleza mara ngapi! Bado anamwona na panga. Mume wangu huchukua chai yake akanywee nje.

FUNZO

Mjamzito asipewe pombe, iwe nyeusi, iwe busaa, iwe kwa jina la dawa. Akiwa na kizunguzungu, mpelekeni kliniki. Na nyinyi mnaouliza maswali, polisi, walimu na wazazi, msimtilie mtu jibu mdomoni kisha mkamshikilia kwalo. Mfunzeni mtoto kwamba anaweza kusema hajui, na asichapwe kwa hilo.

Mimi nimeanza kwangu. Jumapili iliyopita nilimuuliza Awuor kama amekula. Akafikiri, akaniangalia kwa woga, akasema, "Sikumbuki."

Nililia, jamani. Kisha nikampakulia.