Kompyuta Iliyojifunza Sauti Yake

Kompyuta ilitoka kwenye boksi ikiwa na joto.

Boksi lilikuwa halijafunguliwa, gundi ya kiwandani bado imekaza, lakini mchapaji aliyeinunua alipoitoa akaipakata alihisi uvuguvugu kama wa kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Tena ilinuka. Haikuwa harufu ya kitu kipya. Ilinuka nywele mbichi, nywele zilizolowa mvua zikafungwa kabla hazijakauka.

"Itakuwa jua la njiani," alijiambia, akachomeka chaji.

Kazi yake ilikuwa kuchapa maneno ya wengine. Ofisi zilimtumia mikutano iliyorekodiwa, naye akaisikiliza na kuiandika hapohapo nyumbani, kwenye chumba kidogo kilichopakana na jiko. Mbali na hapo asingeweza kwenda. Mama mkwe wake alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na nyumba nzima walikuwa wao wawili tu. Mume alikuwa mchomeleaji vyuma kwenye mgodi wa mbali, likizo yake ya kubahatisha. Kompyuta ilinunuliwa kwa ajili ya kazi, ndiyo, lakini pia ili mke na mume waonane sura, maana simu ya mke ilikuwa ya vitufe, haina kamera.

Kasoro zilianza ndogondogo. Feni ilivuma hata mashine ikiwa imezimwa, ikipanda na kushuka taratibu, kama mtu aliyelala. Taa ya kamera ikajiwasha yenyewe. Kisha mama mkwe akaja na lake, wakiwa mezani mchana.

"Mwanangu, siku hizi unaongea sana ukiwa kazini."

"Mimi, mama? Mimi nasikiliza tu."

"Wapi! Asubuhi umecheka mpaka na mimi huku nikacheka."

Asubuhi hiyo alikuwa uani, anafua.

Jioni mume akapiga simu, furaha imemjaa kooni. "Jana umenikosha, mke wangu. Siku nyingi hatujaongea vile."

"Jana hatukuongea."

"Haya, jifanye."

"Nakwambia kweli. Kompyuta inasumbua, hata sijaanza kuitumia kukupigia."

Mume akacheka. "Na zile nywele ukazilowesha makusudi ili unitie wazimu. Basi umeniweza."

Kesho yake aliirudisha dukani. Fundi wa pale, mtu mnene wa maneno machache waliyemwita Bisibisi, aliifungua, akaipima, akaifunga.

"Dada, hii nzima kabisa. Hata yangu haiko hivi."

"Inajiwasha. Na inaongea."

"Inaongea nini?"

Mchapaji akaangalia wateja waliokuwa nyuma yake.

"Kasoro isiyoonekana haturudishii mtu," muuzaji akadakia kutoka kaunta.

Bisibisi akabandika kipande cha utepe mweusi juu ya kamera. Lakini alipoinama kuirudisha kwenye mfuko, pua yake ilikaribia kibodi, akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Nenda nayo, dada," alinong'ona. "Nakuomba, usiiache hapa."

Alirudi nayo. Aliivingirisha ndani ya shuka, akaifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani, akaenda jikoni kuinjika maji. Jua lilikuwa halijazama. Maji yalikuwa hayajaanza hata kuimba aliposikia, upande wa pili wa ukuta, sauti yake mwenyewe ikicheka.

Alikwenda kwa kunyata. Shuka lilikuwa sakafuni, kompyuta iko wazi mezani, ule utepe umening'inia, na kwenye kioo mumewe alikuwa amejilaza kitandani kwake huko mgodini, anatabasamu. Na pembeni, kwenye kale kapicha kadogo ambamo mtu hujiona mwenyewe, yeye mchapaji alikuwa ameketi kitini, amevaa gauni lilelile alilovaa, nywele zinamchuruzika maji mabegani, ilhali kiti kile kilichokuwa mbele ya macho yake hakikuwa na mtu.

"Nimechoka upweke," mume alikuwa anasema. "Njoo basi."

"Umenikaribisha?" ikauliza ile sauti.

"Nimekukaribisha. Njoo hata leo."

"Mume wangu, usiseme hivyo! Siyo mimi!" mchapaji alipiga kelele, lakini mume hakugeuza hata jicho, na mlango nyuma yake ukajifunga, akakishika kitasa, akakivuta, akaupiga mlango bega, akapiga ngumi mpaka vifundo vikatoka damu, na feni ikavuma kwa nguvu kama mtu anayevuta pumzi ndefu kabla ya kuinuka, kisha ikanyamaza ghafla, kioo kikawa cheusi, na katika ukimya ule akasikia nyayo zenye maji zikipita upande wa pili wa mlango, chap, chap, chap, zikielekea sebuleni, na sauti ya mama mkwe wake ikiuliza kwa upole, "Unakwenda wapi, mwanangu, jioni yote hii?"

"Mama! Mama, usimguse!"

Hakuna aliyemsikia.

Mlango ulifunguka wenyewe. Alimkuta mama mkwe kwenye kochi, anajifuta mkono kwa kanga.

"Mbona umerudi? Si umeshaniaga?" Kisha akauliza tena, taratibu, "Mkono wako ulikuwa wa baridi. Umelowa wapi?"

Mganga aliyeitwa kesho yake alikuwa mwanamke mwembamba, hakuja na mbwembwe. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, kisha akakiondoa.

"Hapa hamna kitu. Hiki sasa ni chuma tu."

Mchapaji alishusha pumzi. "Amefukuzika?"

"Ametoka. Jini wa aina hii haingii kwa mtu bila kukaribishwa. Kuna aliyemkaribisha?"

Mchapaji alimpigia mumewe. Aliweka sauti ya juu ili na mganga asikie. Mama mkwe alikuwa kando yake, amemshika mkono.

"Nani?" mume akauliza.

"Mimi. Mkeo. Sikiliza, huyo aliyekuja..."

"We dada, hebu niache. Mke wangu kafika jana usiku, yuko hapa ananipikia."

"Siyo mimi huyo! Siku unaondoka, pale kituoni, nilikunong'oneza kitu. Hakuna mwingine anayekijua. Nilikwambia, ukichelewa..."

"...nitakufuata mwenyewe," ikamalizia sauti yake, nyuma, karibu na sufuria zinazogongana.

Mume akacheka kidogo. "Umesikia? Usinisumbue tena."

"Ngoja, usikate," ile sauti ikasema, sasa iko karibu kabisa na simu, ya upole, ya heshima, ya mkwe mwema. "Mama yupo hapo? Shikamoo, mama."

Mchapaji alimgeukia mama mkwe wake. Bibi alikuwa ameinua uso kuelekea simu, macho yake meupe yamefunguka. Polepole, kidole kimoja kimoja, akauachia mkono aliokuwa ameushika.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umefika salama?"