Ukurasa wa Maji

Kila alasiri kengele ya mwisho ilipogongwa, Matilda alivuta sweta lake mpaka shingoni kwa baridi ya Juni, akachukua kitabu cha kisomo mezani kwa mwalimu, akashika njia ya nyumbani kwa shangazi yake Severina. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, na alikuwa mwalimu.

Mwaka huo wa 1975 nchi nzima ilikuwa ikisoma. Pale kijijini kwao, jirani na Kalenga, walimu hawakutosha, hivyo watoto wa darasa la saba waligawiwa makundi ya watu wazima wawafundishe. Matilda alipewa kundi la kina mama waliokutana uani kwa shangazi yake. Alijivuna nalo waziwazi. Hata mwendo wake ulibadilika, akawa anatembea polepole, kitabu kwapani, utadhani mkaguzi wa shule.

Kitabu kilikuwa kimoja kwa kundi zima, lakini mahindi yalikuwa mengi. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kila mama alikuja na tenga lake la mahindi ya kupukuchua. Siku ya kwanza Matilda aliwaomba wayaweke kando. Kina mama wakacheka, wakamuuliza kama ni yeye atakayekwenda kuwapukuchulia majumbani. Basi akabuni njia yake. Yeye alisoma sentensi kwa sauti, wao wakaitikia huku mikono ikipukuchua na macho yakiangalia magunzi. Kina mama wale walizoea kufanya kazi pamoja kwa wimbo, na haukupita muda kitabu nacho kikawa wimbo. Walikiimba kutoka jalada hadi jalada, wapita njia wakasimama kusikiliza.

Matilda hakuona kosa lolote, maana mwenyewe ndivyo alivyokuwa akishika namba ya kwanza darasani. Alikariri daftari la siasa, la jiografia na la sayansi, na siku ya mtihani akayamwaga yote kama yalivyo. Kwa akili yake kujua kulikuwa kukumbuka, na kufundisha kulikuwa kukumbusha tu.

Aliyeimba kwa bidii kuliko wote ni Shangazi Severina, naye alikuwa na sababu. Zamani mwanawe Kasian aliugua akapewa dawa pamoja na karatasi ya maelezo. Severina hakujua kusoma na aliona haya kuuliza, akamnywesha mtoto dawa ya siku mbili kwa mkupuo mmoja. Kasian alipona kwa bahati. Sasa serikali ya kijiji ilikuwa imetangaza kuwa mama mmoja atapelekwa Iringa mjini kujifunza huduma ya kwanza, arudi kutunza sanduku la dawa la kijiji. Sharti lilikuwa moja, awe amefaulu mtihani wa kisomo wa Agosti. Kila mtu alimtaja Severina.

Alasiri moja Matilda aliingia ndani kunywa maji. Alipotoka alimkuta shangazi amekipakata kitabu, anamsomea jirani yake Lusia. Mdomo ulikuwa unasema habari za mkulima anayeamka mapema, lakini kidole kilikuwa kinapita kwenye ukurasa wa kuku. Matilda aliliona hilo. Lakini mwalimu wake, Mwalimu Andendekisye, alikuwa ameshamsifu kwa kundi hilo mbele ya shule nzima, na mtu aliyesifiwa hivyo ataanzia wapi kusema hawajui? Akajiambia kuwa watazoea tu. Kesho yake mwalimu alipomuuliza kundi linaendeleaje, alijibu kuwa wanasoma kitabu kizima.

Mwishoni mwa mwezi, Bwana Eliezeri, msimamizi wa kisomo, alikuja kutoka tarafani kuwapa watu wazima mtihani wa majaribio. Kina mama waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa vifua. Mlangoni walisimama wanaume wachache waliokuja kutazama. Severina aliitwa kwanza. Bwana Eliezeri alimfungulia kitabu katikati, akampa.

Severina aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakohoa kidogo, akaanza kwa sauti safi. "Mkulima hodari huamka mapema. Mkulima hodari hupanda kwa mstari."

Ukurasa uliokuwa mbele yake ulihusu maji ya kunywa. Bwana Eliezeri alikuwa mtu wa adabu, akamwacha mpaka mwisho. Kisha akamwomba taratibu amwonyeshe neno "maji". Kidole cha Severina kilishuka, kikapanda, kikasimama. Pale mlangoni mtu mmoja alicheka puani. Severina akainua macho, akamtazama Matilda kama mtu aliyepotea njia anavyomtazama aliyemwelekeza.

Bwana Eliezeri akauliza nani amefundisha kundi hili. Matilda akasimama. Wakati ulikuwa bado upo wa kusema kweli, lakini aibu ilimkaba, akasema asichopaswa kusema.

"Nimewafundisha, bwana. Wao ndio wazito."

Severina alifunga kitabu, akakiweka mezani kwa mikono miwili, akajitanda khanga, akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Kesho yake na siku zilizofuata uani kwa Severina hapakuwa na kisomo wala wimbo.

Matilda hakujua aifiche wapi sura yake. Akienda kisimani aliona kina mama wananyamaza. Akilala, alisikia ule mcheko wa puani. Mwishowe Mwalimu Andendekisye alimwita ofisini. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini maji ya kunywa huchemshwa.

"Maji huchemshwa ili kuua vijidudu viletavyo magonjwa ya tumbo," Matilda alijibu bila kupumua.

"Vizuri. Na nyumbani kwenu mnachemsha?"

Matilda alitazama miguu yake. Asubuhi ile ile alikuwa amekunywa kata nzima kutoka mtungini, maji mabichi ya kisimani. Wala siku alipoandika jibu hilo kwenye mtihani na kupata alama zote, haikumpitia akilini kwamba linamhusu yeye na mtungi wa kwao.

"Basi ukurasa ule hata wewe hujausoma," mwalimu alisema. "Na mimi nilikupa alama kwa ulichokariri, kwa hiyo kosa lina sehemu yangu pia. Sehemu yangu nitaitengeneza hapa shuleni. Ya kwako iko uani kwa shangazi yako."

Matilda alimkuta shangazi anapukuchua peke yake. Alipiga magoti, akamwamkia, "Kamwene, shangazi." Severina aliitikia bila kuinua uso. Ndipo Matilda akayasema yote, kwamba siku ile aliona kidole kwenye ukurasa wa kuku, akanyamaza ili aendelee kusifiwa.

Severina alipukuchua hindi alilolishika mpaka likaisha.

"Mimi nilidhani kusoma ndiko huko," alisema. "Sikujua kwamba sijui. Wewe mwanangu ulijua, ukaninyamazia, kisha ukaniita mzito mbele za watu."

Matilda alilia, na alipomaliza kulia alivuta tenga karibu, akaanza kupukuchua. Alipukuchua mpaka vidole vikachubuka. Kesho alirudi na wenzake wa darasa la saba, wakamaliza mahindi ya shangazi, wakahamia kwa Lusia. Hapo kina mama wakaanza kulegea. Wakakubaliana kwamba kwanza watu wote wapukuchue pamoja, watoto kwa wazazi, halafu mikono ifutwe na macho yaje kwenye kitabu.

Safari hii hapakuwa na kuimba. Matilda aliandika neno moja moja kwa mkaa kwenye ubao wa sanduku, akayachanganya, akamuuliza kila mama peke yake. Mambo yalikwenda polepole mno. Zile sauti nzuri zikawa za kukwama na kurudia, na wapita njia hawakusimama tena. Mama aliyekosa alisema amekosa, na Matilda asipojua alisema hajui, wakaenda kumuuliza mwalimu. Nyumbani kwao alianza kuchemsha maji, mama yake akanung'unika juu ya kuni, kisha akazoea.

Agosti Severina alifanya mtihani akafaulu, si kwa alama za kutisha. Alipelekwa Iringa, akarudi na sanduku la dawa.

Mtu wa kwanza kupelekwa kwake alikuwa mdogo wake Matilda, mwili ukimchemka kwa homa. Severina alitoa chupa, akaishika kwenye mwanga wa mlango, akaanza kusoma maelezo. Alikwama, akarudi nyuma, akaanza tena. Alipofika mwisho akasoma upya yote, kidole chini ya kila neno. Matilda, aliyezoea kumaliza maneno ya watu vinywani mwao, alinyamaza akangoja.

Severina alipima dawa, akamnywesha mtoto, akafunga chupa.

"Umeona nilivyojikwaa?" alisema. "Siku zile sikujikwaa hata mara moja, kwa sababu sikuwa nasoma. Usimwonee aibu anayejikwaa, mwanangu, hata akiwa ni wewe. Uione aibu ile ya kujifanya unajua, maana huyu mtoto angeinywa pamoja na dawa."

Matilda aliitikia, akambeba mdogo wake mgongoni, akarudi naye nyumbani.