Diski Isiyo na Vumbi

Saa 2:10 asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, jirani na stendi ya Same. Hakikuwa na dirisha. Kilinuka oili chafu. Wilbard alitoa bastola yake, mguu wa kuku, kiunoni, akaiweka mezani kando ya kikombe cha chai, akakoroga sukari bila haraka.

"Fundi, rudia mchongo," alisema. "Taratibu. Humphrey ni mzito wa kuelewa."

Humphrey hakucheka. Alikuwa pande la mtu, alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akaishia kukata watu. Lukia, dereva wao, aliegemea mlango akitafuna karanga.

Hezroni akarudia. Mtambo unaohifadhi picha za kamera za kampuni ya jasi una diski sita. Picha hazikai kwenye diski moja. Zimekatwakatwa na kugawanywa kwenye zote, kwa namna ambayo ikifa moja, tano zilizobaki zinajua ile ya sita ilibeba nini. Ya tatu kutoka kushoto imeshakufa, inawaka taa nyekundu. Ukichomeka mpya, zile tano zinaanza kuijaza, na kazi hiyo inakula saa kadhaa. Ikichomolewa nyingine kabla mpya haijajaa, basi tena. Picha zote zimepotea, na hakuna fundi wa Same wala wa Dar atakayezirudisha.

"Kwa hiyo unachomoa mbili," Wilbard alisema. "Iliyokufa na nzima moja. Unachomeka mpya mbili, unawaandikia kwamba zimekufa kwa mpigo. Inatokea?"

"Inatokea."

"Hiyo nzima unaniletea. Nataka kuivunja kwa mkono wangu."

Moto ungekuwa njia fupi, lakini moto unaleta maswali. Mashine ikijifia yenyewe, hakuna anayeulizwa. Wilbard alikuwa katili, si mjinga.

Picha zenyewe zilikuwa za tarehe tisa. Siku hiyo waliingia kwenye yadi ya kampuni kule Makanya kuchukua nyaya za shaba. Hezroni ndiye aliyewachorea kamera zilipo, na ndiye aliyesimama mbele ya geti, kwa sababu mlinzi alimfahamu. Mlinzi alikuwa mzee Aminieli, mtu wa Mbaga, aliyemfundisha Hezroni kupiga tarumbeta katika bendi ya usharika. Hezroni aliahidiwa kwamba hakuna atakayeguswa. Mzee alipiga kelele mara moja tu, Humphrey akamnyamazisha kwa nondo.

Aliyekamatwa ni Paskali, mlinzi mwenzake, kwa kuwa alitoka dakika ishirini kwenda kununua dawa ya mtoto. Sasa alikuwa mahabusu kwa kesi ya mauaji, na kitu pekee cha kumtoa kilikuwa zile picha. Polisi walizitaka mapema. Hezroni, kwa amri ya Wilbard, aliiandikia kampuni kwamba mtambo usiguswe mpaka kifaa kipya kifike kutoka Dar, maana ukilazimishwa utakufa. Kila usiku tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Picha zikipona, Paskali anatoka na yeye anaingia. Hesabu haikuwa na njia ya tatu.

Saa 4:15 asubuhi.

Agatha wa ofisi ya kampuni, pale Same mjini, aliwafungulia chumba cha mtambo. Alimuuliza kaka Hezroni habari za nyumbani, akamtazama Humphrey aliyevaa ovaroli mpya inayombana, akarudi mezani kwake. Humphrey alibana mlango nusu. Mle ndani feni zilivuma. Vumbi la Same lilikuwa limepenya hata huko, laini, jekundu, limetanda juu ya kila kitu.

Taa tano za kijani. Moja nyekundu.

Hezroni aliuzima mtambo kwanza. Alimwambia Humphrey kwamba ukiwa hai utalia kama ving'ora na ofisi nzima itakuja kuchungulia. Taa zote zikazimika. Alichomoa ya tatu, ile mfu, akaiweka juu ya begi. 

Halafu akamwambia Humphrey asimame mlangoni, amzuie yule dada asirudi.

Nusu dakika ilitosha. Alikuwa na maboksi mawili ya diski mpya. Kifaa kikikwama huku, unasubiri basi la Dar siku mbili, kwa hiyo mafundi wa Same huagiza viwili, kimoja cha kufunga na kimoja cha akiba. Diski ya kwanza akaichomeka kwenye nafasi ya tatu; zile tano nzima hakuzigusa. Ya pili akaitoa kwenye mfuko wake wa plastiki, akaibandua karatasi ya kiwandani, akailaza kando ya ile mfu. Humphrey alipogeuka, aliona maboksi mawili matupu na diski mbili juu ya begi. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Saa 4:40 Hezroni akauwasha mtambo. Taa tano zikatulia kijani. Ya tatu ikaanza kumeta. Humphrey aliuliza mbona zinawaka, akajibiwa kwamba taa ni ya umeme tu, haina maana ndani kuna kitu. Kwenye kioo kidogo cha mtambo pakaandikwa muda uliobaki: saa sita.

Mpaka saa kumi na dakika arobaini.

Ilibaki fomu ya kazi. Kila fundi huacha nakala moja kwa mteja, na Humphrey, macho mlangoni, alitaka sahihi ipigwe haraka waondoke. Chini ya fomu, penye maoni ya fundi, Hezroni aliandika: *Taa ya tatu ikiacha kumeta, waite polisi waangalie tarehe tisa. Kabla ya hapo asiingie mtu yeyote, hata mimi.* Agatha alisaini, akasoma, akainua macho. Aliikunja nakala yake akaitia kwenye droo.

Saa 8:20 mchana.

Walikuwa kwenye nyumba tupu pembeni ya mashamba ya mkonge, upande wa Makanya. Wilbard alitandika gunia, akazipanga diski mbili, akashika nyundo. Lukia alisogea kutazama. Alipitisha kidole juu ya moja, kisha juu ya nyingine, akamtupia Hezroni jicho. Halafu akajipangusa kwenye sketi yake, akarudia karanga zake.

Lakini Wilbard alikuwa ameuona ule mkono. Naye akapitisha kidole. Diski mfu ilimwachia vumbi jekundu. Ya pili haikumwachia chochote.

"Miaka minne ndani ya Same," alisema polepole, "na haina vumbi?"

Kitako cha bastola kilimpata Hezroni juu ya sikio. Alianguka, damu ikaingia jichoni. Humphrey alimwinua kwa kola, akaanza kujitetea kwamba aliona maboksi, aliona kila kitu. Wilbard alimwambia afunge mdomo. Akamsogelea fundi wake, bastola chini ya kidevu.

"Mpya imeshajaa?"

Hapo ndipo Hezroni alipoogopa kuliko siku zote za maisha yake. Ilibaki zaidi ya saa mbili. Same ilikuwa nusu saa tu kwa gari. Alinyamaza, akapigwa tena, akanyamaza tena. Walipomshika kidole na kukivunja alilia kwa sauti, na kilio hakikuwa cha kuigiza. Kisha akasema, kama mtu aliyeshindwa, kwamba inamalizika saa moja jioni. Kwamba wakienda sasa watakuta meneja na wafanyakazi wote. Kwamba Agatha hufunga saa kumi, na baada ya hapo anabaki mlinzi wa getini anayemfahamu.

"Anafunga saa kumi kweli?" Wilbard aliuliza, hakumuuliza yeye.

Agatha alifunga saa kumi na moja na nusu. Hezroni alijua, na Lukia alijua.

"Kweli," Lukia alisema, akitafuna. "Kila siku namwona stendi saa hizo."

Wilbard aliwatazama wote wawili kwa zamu. Akarudisha bastola kiunoni, akasema wataondoka saa kumi na nusu. Hezroni aliinamisha kichwa asije akamtazama Lukia.

Saa 10:40 alasiri.

Walikuwa barabarani, milima ya Upare imeanza kuvaa kivuli upande wa kulia. Hezroni aliiona saa kwenye dashibodi ikigeuka. Alishusha pumzi. Paskali amepona, aliwaza, na mimi nimekwisha. Alishangaa kwamba kifua chake kilikuwa chepesi.

Saa 11:02.

Mlinzi wa getini aliwafungulia bila neno, macho chini. Lukia alibaki kwenye gari. Ukumbi ulikuwa kimya, hakuna meza yenye mtu. Wilbard alimsukuma Hezroni mbele, Humphrey akafuata. Mlango wa chumba cha mtambo haukufungwa na ufunguo.

Taa sita za kijani. Zimetulia zote.

Agatha alisimama kando ya skrini, na pembeni yake askari wanne, bunduki tayari. Nje gari liliwaka, likaondoka kwa kasi. Wilbard alilisikia, akaelewa kwa mpigo kila kitu alichopaswa kukielewa tangu mchana. Hakuwageukia askari. Alichomoa bastola akaufyatulia mtambo.

Risasi moja tu, kabla hawajamlaza chini pamoja na Humphrey. Diski ya tano ilipasuka. Taa yake ikawa nyekundu. Zile tano zilizobaki hazikuyumba, na picha kwenye skrini haikukatika.

Ilikuwa geti la Makanya, tarehe tisa. Hezroni, amepiga magoti, kidole kimevimba, alijiona amesimama mbele ya geti kwa heshima zote. Kamera haikuchukua sauti. Aliiona tu midomo yake na ya mzee Aminieli ikisogea, yake kwanza.

Shikamoo.

Marahaba, mwanangu.

Na mzee akamfungulia.